Naomba Nitolewe

Jumatatu, 28 Februari 1972

Riboni imefifia tena. Nimeigeuza upande wa pili, nikaendelea. Barua nne kabla ya chai, tatu baada ya chai. Bwana Muriuki, katibu wetu wa chama cha wafanyakazi, haamini kwamba riboni huisha. Anadhani nazila.

Mchana karudi kutoka Westlands, ametota jasho na uso unacheka. Mkataba na londri, kile kiwanda cha kufua nguo, umetiwa sahihi. Miaka miwili tumeupigania. Kubwa lililomo ni Akiba ya Uzeeni. Mfanyakazi atakuwa akitoa kidogo kila mwezi, kampuni nayo itatia kiasi hicho hicho, na siku ya kustaafu mtu apewe chake. Kuanzia tarehe mosi Aprili kila mfanyakazi ameingia. Haombi, haandiki, hapangi foleni. Anyamazaye yumo. Asiyetaka ndiye wa kuleta karatasi, mwisho tarehe kumi na nne Machi.

Bwana Muriuki asema hiyo ndiyo akili yenyewe. Mtu ukimngoja aingie mwenyewe, atazeeka mlangoni.

Nimefurahi. Nimefurahi zaidi kwa ajili ya Mzee Shiundu.

Jumanne, 29 Februari

Mzee Shiundu ni mtu wa boila pale londri. Kwao ni upande wa Kakamega, hapa Nairobi amepanga chumba Kangemi. Miaka kumi na tisa analisha moto ule. Mabibi wa Loresho na Kitisuru hawamjui kwa sura, lakini mashuka yao yote yameoshwa kwa mvuke wake.

Kila Ijumaa mchana hupanda ngazi zetu, ghorofa tatu, kuleta malalamiko ya wenzake. Mimi humwambia shikamoo. Yeye hujibu, "Mzuri sana." Miaka yote hiyo nimemfundisha marahaba na haijamwingia. Siku hizi nasema shikamoo kwa sababu tu nataka kuisikia hiyo mzuri sana.

Nimeusoma mkataba wote, hata vifungu vya mwisho ambavyo Bwana Muriuki hupitia juu juu. Aliyemo siku ya kwanza, miaka yake ya nyuma itahesabiwa. Aliyetoka atangoja Aprili ya mwakani ndipo arudi. Mzee Shiundu anatimiza miaka hamsini na mitano Novemba hii, na hapo lazima aende nyumbani. Kwa hiyo kwake yeye ni Aprili hii au basi.

Alhamisi, 2 Machi

Leo nimetafsiri ile karatasi ya wasiotaka. Kiingereza cha wakili wa kampuni kimevaa tai. Nimekivua.

Nilianza na "nakataa". Nikaifuta. Jeuri mno. Kwetu Mombasa mtu hasemi sitaki, husema nimeshiba. Nikatafuta neno lenye adabu, nikalipata. Juu nimeandika FOMU YA KUTOLEWA. Chini yake: "Mimi ................ naomba nitolewe Akiba ya Uzeeni kuanzia tarehe 1 Aprili 1972." Halafu mahali pa sahihi au alama ya kidole.

Mara ya kwanza mstari ulizidi, ukamwaga maneno mawili chini. Haupendezi mstari wa hivyo. Nikapunguza kijineno kimoja, ukanyooka. Stensili safi, haina kosa hata moja. Nimejipenda leo, nakiri.

Maalim, mume wangu, anasomesha watoto Kurani pale nyuma ya soko. Nilipomsimulia alisema kiburi cha karani ni kikubwa kuliko cha sultani. Nikamnyima mahamri mawili.

Ijumaa, 3 Machi

Ofisi ilijaa watu. Mzee Shiundu kaja na ndizi za kwao, zile fupi tamu. Nikampa furushi la karatasi awapelekee wenzake. Akaniuliza, "Mama, hii ndio ile ya kutolewa?" Nikamjibu ndiyo, nikageukia mtu mwingine. Akaikumbatia kwa mikono miwili, akashuka nayo.

Jumatano, 15 Machi

Karatasi zimerudi. Karibu zote. Zote zimetiwa sahihi.

Nilidhani naota. Nikazipitia moja moja. Wapiga pasi, wakunjaji, madereva wa magari ya kugawa nguo. Watatu tu ndio hawakutia. Na ya juu kabisa ina kidole gumba kipana cha buluu, na jina limeandikwa na mtu mwingine: Shiundu.

Bwana Muriuki alipiga meza mpaka kidau cha wino kikaruka. Miaka miwili ya kubembelezana na wazungu, na watu wenyewe wamekataa. Nakala ya pili ya kila karatasi tayari iko ofisini londri. Hakuna la kufanya.

Nimemkasirikia Mzee Shiundu. Nimemkasirikia sana. Mtu mzima, Novemba iko mlangoni, anaitupa riziki yake ya uzeeni. Nimekula ndizi yake ya mwisho kwa hasira.

Ijumaa, 17 Machi

Kaja. Sikumwamkia. Nikajifanya natafuta karatasi ya kaboni.

Akasimama akicheka. Kisha akasema, "Mama, si uliona kidole yangu? Mimi nilikuwa wa kwanza. Wengine walikuwa wanaogopa. Nikawaambia wacha mimi nitolewe, nyinyi mtaona. Sasa wote wanatolewa."

Nikamuuliza atatolewa nini.

"Si pesa ya uzee. Kila mwezi inatolewa kwa mshahara."

Nilikaa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye nakala, nikausoma ule mstari kana kwamba umeandikwa na mtu nisiyemjua. Naomba nitolewe Akiba ya Uzeeni. Yuko sawa. Ukiisoma hivyo, yuko sawa kabisa. Mtu hutolewa jino, hutolewa damu, na hutolewa akiba katika mshahara wake. Hakuna aliyekataa. Wamepanga foleni kwa furaha, mmoja baada ya mmoja, wakaweka vidole kwenye karatasi ya kujitoa. Nje wakabaki. Ndani wamebaki wale watatu wavivu ambao hawakutaka kuchafua vidole.

Sikumwambia. Nilipaswa, na sikumwambia. Akaniaga kwamba Jumatano anakwenda likizo nyumbani, apande mahindi, ale na Pasaka huko huko. Nikamtakia safari njema. Mnafiki mimi.

Jumamosi, 18 Machi

Nimemwonyesha Maalim karatasi wakati wa chai. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Katika iko wapi?"

Ndiyo hiyo. Naomba nitolewe katika Akiba. Ndicho kijineno nilichokipunguza ili mstari unyooke.

Akacheka, akacheka, akapiga paja. Halafu akaniona uso, akaacha. Akanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hulifanya nikiwa mgonjwa tu. Akasema, "Mwambie katibu wako mapema. Kosa ni kama samaki, halikai."

Nampenda mtu huyu hata anapocheka pasipofaa.

Jumatatu, 20 Machi

Nilikwenda na nia ya kusema. Kabla sijavua kanga ya mabegani, Bwana Muriuki kanipa hotuba yake ya mkutano mkuu niipige chapa. Kurasa nne. Amewaita wanachama wajinga. Wasio na shukrani. Watu wa kutafuniwa. Amemtaja na Mzee Shiundu kwa jina, kwamba ndiye aliyewaongoza wenzake kwenye shimo.

Nimeipiga chapa yote. Herufi kwa herufi, matusi ya watu wasio na kosa, na mwenye kosa ndiye anayeyapiga. Sijasema.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili nilione neno lenyewe.

Jumanne, 21 Machi

Nimesema. Saa tatu asubuhi, mlango umefungwa, nimesimama. Nikaweka hotuba mezani, nikaweka karatasi juu yake, nikaonyesha kwa kidole mahali pa katika.

Bwana Muriuki aliuinamia ule mstari. Nilitamani apige meza. Alichosema ni hiki tu: "Bi. Zuhura, sisi wote hapa tunaandika ovyo. Wewe ndiye tuliyekuachia Kiswahili."

Bora angenipiga kofi.

Kisha akaichukua hotuba, akaichana vipande vinne, akaitia kwenye pipa. Akasema Alhamisi twende londri, na atakayeeleza ni mimi.

Alhamisi, 23 Machi

Nimefika ndani ya londri kwa mara ya kwanza. Miaka yote naiandika na sikuwahi kuiona. Joto, sabuni, mvuke hata machoni. Boila inalishwa na mtu mwingine wiki hii. Nikaitazama kidogo nilipopita.

Meneja ni mzungu mrefu, mpole, na mgumu kama jiwe la kusugulia miguu. Nikaeleza. Nikasema kosa ni langu, si la chama, si la watu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema sahihi ni sahihi, na karatasi ya Kiingereza ndiyo sheria.

Hapo akaitwa Bwana Fernandes, Mgoa, karani wa mishahara, aje na daftari lake. Akalifungua. Ya Rabi. Bwana Fernandes amewaandika wote walioweka kidole kuwa ndio wa kukatwa, na wale watatu kawaacha nje. Meneja akamuuliza mbona kapindua. Bwana Fernandes akavua miwani, akaifuta. Akajibu kwa upole, "Lakini bwana, si wameandika nitolewe?" Miaka ishirini na tano Nairobi, analipa mishahara kwa Kiswahili, na yeye naye kaisoma vile vile.

Nilitaka kumbusu yule mzee wa watu.

Meneja akatazama dirishani. Mwishowe akalegea nusu. Kila aliyetia kidole aje mwenyewe akiondoe, mbele ya Bwana Fernandes, kwa kuweka alama ya pili kwenye orodha. Mwisho ni Alhamisi ijayo jioni, kabla ya kufunga kwa Pasaka. Asiyekuja, ya kwanza inabaki.

Bwana Muriuki akashukuru. Mimi nilikuwa nawaza mtu mmoja tu, aliyepanda basi jana asubuhi.

Ijumaa, 24 Machi

Wote wameondoa vidole. Leo tu. Bwana Fernandes amenipigia simu kuniambia kidau chake cha wino kimekauka. Wapiga pasi walimtania, wanasema hata arusi haina sahihi nyingi hivi.

Amebaki Shiundu peke yake.

Jumamosi, 25 Machi

Posta kuu, foleni ndefu. Simu ya maandishi kwenda posta ya sokoni kwao. Huko wakiipata humpa mtu wa njia hiyo. Kila neno linalipiwa, nami nikabana. NJOO UTOE KIDOLE KABLA ALHAMISI. ZUHURA.

Karani wa dirishani alinitazama kidogo. Nikadhani ananitazama buibui.

Jumanne, 28 Machi

Kimya. Mvua imeanza. Watu wanasema barabara ya kwao mvua ikishika hupitwa na ng'ombe tu.

Nimegombana na Maalim bure, kwa ajili ya kijiko. Nikamwomba radhi. Akasema alijua si kijiko.

Jumatano, 29 Machi

Kimya. Nimempigia Bwana Fernandes, nikamwuliza kama ndugu anaweza kuweka kidole kwa niaba. Akasema kidole hakina niaba.

Miaka kumi na tisa ya moto. Ikipotea, imepotea kwa sababu mimi nilitaka ukingo wa karatasi upendeze. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 30 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau hata kidogo.

Saa saba mchana nimesikia viatu ngazini. Si vya mtu mmoja. Mlango ukafunguliwa, wakaingia watatu. Mzee Shiundu katikati, koti lake la mvua limeloa, mkono wa kulia ameutia mfukoni. Kulia na kushoto ndugu zake wawili, wakubwa kwake, wamevaa suti za kanisani na nyuso za msibani.

Nikasema shikamoo. Hakujibu mzuri sana. Akamtazama kaka yake.

Kaka mkubwa ndiye aliyesema. Kwa adabu, pole pole. Kwamba barua ya upepo, ile simu yangu ya maandishi, ilifika Jumatatu. Kwamba ukoo umekaa siku nzima. Kwamba wanajua ndugu yao aliweka kidole mahali, na kama hicho kidole kimeharibu kitu ya kampuni, wao wako tayari kulipa, hata kwa ng'ombe. "Lakini kidole yenyewe, mama, hatuwezi kutoa. Huyu ni mtu wa kazi."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Utoe kidole. Mimi tena. Mara ya pili, neno lile lile, mtu yule yule.

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Wale wazee wakashtuka. Mzee Shiundu akautoa mkono mfukoni, vidole vyote vitano vipo, akanipigapiga begani kana kwamba mimi ndiye niliyepatwa na msiba.

Tukashuka mbio. Bwana Muriuki akatupeleka kwa gari lake, sote tumebanana, suti zimejikunja. Tukafika saa tisa na robo. Bwana Fernandes alikuwa ameliacha daftari wazi, amekaa anakula karanga. Mzee Shiundu akasafisha kidole kwa leso yake kwanza, akakitia wino, akakibonyeza. Bwana Fernandes akapuliza. Akasema, "Sasa umo, mzee."

Nje pale getini nikamwambia yote. Kwamba si kampuni, si bahati, ni mimi. Kijineno kimoja nilikitupa ili mstari ukae vizuri. Nikangoja anikasirikie. Alikuwa na haki.

Akafikiri. Akasema, "Mama, Kiswahili ni yako. Sisi tunakopa tu. Lakini ukikopesha mtu, mpe yote, usibakishe nyuma."

Nikasema sitabakisha tena.

Halafu akaniuliza, "Na wewe? Wewe uliingia lini?"

Nikamwambia mkataba ni wa watu wa londri. Mimi ni wa chama. Chama hakina mkataba na mimi.

Alinitazama tu, akawafuata ndugu zake waliokuwa wanauliza bei ya mahindi ya kuchoma.

Jumapili, 16 Aprili

Mkutano mkuu wa mwaka. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mimi niko mezani pembeni, naandika kumbukumbu kama kila mwaka. Bwana Muriuki kawasifu wanachama, hotuba mpya, nzuri, nimeipiga chapa kwa raha.

Kwenye mengineyo akasimama Mzee Shiundu. Yeye husimama kulalamikia viatu vya kazi, kwa hiyo nikaandika kabisa "viatu". Ikabidi nifute.

Nayaweka hapa kama alivyosema, maana kwenye kumbukumbu rasmi nimeyanyoosha. "Mimi Novemba naenda. Hii ni mkutano yangu ya mwisho. Nauliza kitu moja tu. Hii chama imepigania uzee ya watu wa Nairobi yote. Watu wa londri, watu wa mkate, watu wa hoteli. Karatasi yote inaandikwa na huyu mama. Yeye akizeeka atakula nini? Riboni?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha. Bwana Muriuki akageuka kunitazama, na niliona wazi kwamba hajawahi kuliwaza. Si ubaya. Ni kwamba mimi ni kama mlango wa ofisi, umekuwapo siku zote.

Mzee Shiundu akaomba watumishi wa ofisi nao waingizwe, kwa sheria ile ile. Mikono ikainuka. Wapiga pasi, wakunjaji, madereva, wote. Kazi yangu ni kuhesabu mikono na kuandika idadi. Sikuweza kuhesabu, macho yalikuwa yamejaa. Nimeandika "kwa kauli moja", na ndivyo ilivyokuwa.

Alipopita kutoka nikamwambia ahsante. Akajibu, "Marahaba." Miaka yote nimemfundisha, na amekwenda kuiweka mahali pasipo pake. Sikumsahihisha. Novemba ataondoka, na sitaki kuiwaza Novemba.

Jumanne, 2 Mei

Barua tano asubuhi. Mvua imepumzika.

Bwana Muriuki kaniletea karatasi yangu. Yaani karatasi niliyoipiga chapa mwenyewe wiki jana, kwa ajili ya mtumishi wa ofisi asiyetaka. Ninao mwezi mzima wa kuirudisha, nisipoirudisha nimo. Safari hii sikutafuta adabu. "Mimi ................ sitaki kuingizwa katika Akiba ya Uzeeni." Mstari umezidi, umemwaga maneno mawili chini. Nimeuacha vivyo hivyo, mbaya na wazi.

Akaiweka mbele yangu, akasimama kidogo, akaniambia nisome vizuri. Nikamwambia nimesoma.

Baada ya chai nikapiga barua tatu. Mtu mmoja wa hoteli kaja kuuliza habari za sare, nikamjibu. Maalim kapita saa kumi na moja unusu tukaenda pamoja, kasema leo kuna samaki.

Ile karatasi nimeiacha mezani tupu, haina jina wala kidole, nikavaa buibui langu nikashuka.